Tupeane uzoefu: uliyejilipia vipimo vya kila aina kwa dalili zisizoeleweka, majibu yalikutuliza?

Mkesha
Wakuu, leo nilikuwa nafuta mafaili kwenye simu nikakutana na majibu yangu ya vipimo vya zamani. Mwili wote ulinisisimka upya. Waliopita njia hii watanielewa: kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, usingizi hauji. Daktari wa kwanza alipima presha, akasikiliza moyo na mapafu, akasema niko salama. Nikatoka na swali lile lile nililoingia nalo. Ndipo nikaanza maabara za kulipia, zile ambazo unachagua mwenyewe kwenye orodha: ini, figo, tezi, vitamini, alama za saratani. Hakuna anayekuuliza unatafuta nini.

Kilichoniumiza zaidi si pesa. Kila jibu zuri lilinipa nafuu ya siku mbili tatu, kisha swali linarudi kwa sura nyingine. Labda sampuli ilichanganywa na ya mtu. Labda wamepima mapema mno, ugonjwa bado mchanga. Naomba tusimuliane. Mlipima nini, nani aliwaandikia, na hasa ni kitu gani kiliwatuliza?

Tulizo
Hiyo ya sampuli kuchanganywa nimeishi nayo. Pole sana ndugu yangu.

Hadubini
Niko maabara, naona watu wa namna hii kila wiki na roho inaniuma. Mtu anafungua majibu peke yake, anaona herufi H (iko juu) au L (iko chini) pembeni ya namba, anatetemeka. Viwango vya kawaida vingi vimepangwa kwa kuchukua watu wenye afya na kubakiza asilimia 95 ya katikati. Maana yake katika kila watu 20 wazima, mmoja atatoka nje ya mstari bila kuumwa chochote. Ukijipimia vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau kimoja chenye alama ni kama asilimia 64, na wewe ni mzima kabisa. Kwa hiyo anayenunua orodha nzima akitafuta utulivu, mara nyingi atarudi nyumbani na hofu mpya.

Na alama za saratani, vile vitu vya kwenye damu vinavyoweza kupanda mtu akiwa na saratani, ndizo zinazowatesa watu zaidi. CA 125 hupanda hata wakati wa hedhi, au ukiwa na uvimbe wa kawaida wa kizazi. CEA hupanda kwa wavuta sigara. Si vipimo vya mtu kujichagulia dirishani.

Mama Wawili
Hadubini umenigusa penye kidonda, acha niseme.

Moyo wangu ulikuwa unaruka pigo, hasa nikilalia ubavu wa kushoto. Unapiga, unasimama kidogo, kisha unagonga kwa nguvu mpaka unakohoa. Nikaenda maabara binafsi kupima damu. Kijana aliyekuwa anatoa damu alihangaika na mshipa, ule mpira wa kufunga mkono ukakaa muda mrefu, ananiambia kunja ngumi, kunjua, kunja tena. Usiku simu inaita. Sauti ya mwanamke, haina hata salamu: potasiamu yako ni 6.4, nenda hospitali sasa hivi.

Nikaitafuta mtandaoni nikiwa nimesimama mlangoni. Kawaida mwisho wake ni kama 5, na ikizidi sana inaweza kusimamisha moyo. Nilikaa kitandani kwa mwanangu mkubwa nikamwamsha. Nikamwandikia namba ya siri ya benki nyuma ya daftari lake la hesabu, nikamwonyesha cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake kiko wapi. Aliniuliza kama nasafiri.

Hospitali walinibandika waya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kifuani. Daktari aliangalia karatasi muda mrefu, kisha akaniuliza damu ilitolewaje. Nikamweleza mpira na ngumi. Akatoa nyingine mwenyewe, taratibu, mkono umelegea. Ikaja 4.1. Akanieleza kwamba potasiamu nyingi ya mwili iko ndani ya seli. Ukikunja kunja ngumi huku umefungwa mpira, au seli nyekundu zikipasuka kwenye kichupa, inavujia kwenye sampuli na namba inapanda wakati mwilini hakuna kitu.

Daktari yule hakunikaripia. Akasema mapigo ya kuruka watu wengi wazima wanayo, akanipangia kuvaa kipimo cha moyo cha saa 24 ili tuone kwa macho. Yakaonekana machache, yasiyo na madhara.

Jicho Kavu
Daftari la hesabu?? Nimelia kazini. Mtoto alikuja kuelewa baadaye?

Tulizo
Huyo aliyekupigia bila salamu angeweza kukuua kwa mshtuko tu.

Hadubini
Tulizo, 6.4 lazima upige simu, tena haraka. Angekaa kimya na ingekuwa kweli? Kosa ni kutokuuliza anajisikiaje na kutomwambia kwamba huenda sampuli ndiyo imeharibika.

Mama Wawili
Jicho Kavu, alielewa. Ile karatasi aliichana mwenyewe akaniletea. Namba ya siri nilishabadilisha, msisumbuke!

Nyundo
Nasema kwa upendo: acheni kupima. Dalili za Mkesha zote ni wasiwasi. Ukipumua haraka haraka unatoa hewa ya kaboni dioksaidi kupita kiasi, damu inabadilika, vidole na midomo inaingia ganzi, kifua kinabana. Pumulia kwenye mfuko wa karatasi, dakika chache unapona.

Kisima
Nyundo, kauli ya "ni wasiwasi" ilinichelewesha mwaka mzima. Moyo mbio hata nimekaa, mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga sahani, jasho, nakula vizuri na nguo zinanivuka. Nikapewa dawa za usingizi na ushauri wa kupunguza mawazo. Nilijilipia kipimo cha tezi dundumio, ile ya shingoni, mimi mwenyewe. TSH, homoni ya kutoka kichwani inayoiamuru tezi, ilikuwa chini ya 0.01, homoni za tezi ziko juu. Ugonjwa wa Graves, tezi inafanya kazi kupita kiasi. Bila maabara ya kulipia ningeendelea kuambiwa nitulie.

Nyundo
Pole dada. Lakini wewe ulikuwa unapungua uzito na mikono inatetemeka, hizo ni dalili zinazoonyesha mahali pa kutazama. Ulipima kitu kimoja chenye sababu. Mimi nawasema wanaopima orodha nzima.

Kisima
Basi sema hivyo tangu mwanzo. Usimwambie mtu usiyemwona kwamba ni wasiwasi. Na mwenye wasiwasi naye anaumwa magonjwa ya kweli kama watu wengine, asifungiwe mlango.

Hadubini
Na mambo ya mfuko achana nayo. Kama ni moyo au pumu, unamnyima mtu oksijeni anayoihitaji. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unavyovuta, inatosha.
Jambo jingine kuhusu tezi: wanaomeza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini (aina ya vitamini B) nyingi, semeni kabla ya kutoa damu. Kwenye mashine nyingi inashusha TSH na kupandisha homoni kwa uongo, unaonekana una ugonjwa kama wa Kisima. Acha angalau siku mbili kabla.

Mbali Sana
Mimi nilifanya altrasaundi ya shingo bila dalili yoyote, kwa hofu tu. Wakaona kinundu kidogo kwenye tezi. Nilisoma baadaye kwamba Korea Kusini walipopima shingo za watu kwa wingi, saratani ya tezi iliyogunduliwa mwaka 2011 ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993, na vifo havikubadilika. Wengi walikatwa tezi kwa kitu ambacho kisingewasumbua maisha yao yote. Kinundu changu kinafuatiliwa tu. Ila usiku bado nakigusa.

Jicho Kavu
Mimi bora nijue. Siwezi kuishi na giza.

Pumziko
Mbali Sana, usikiguse. Mimi nilikuwa naminya tezi za kwapani na shingoni (zile za kinga ya mwili, si dundumio) asubuhi na jioni, zikawa zinauma, nikaona ugonjwa unakua. Mwanasaikolojia tuliyefanya naye tiba ya kubadili fikra na tabia ndiye aliyeona kwamba kuminya ndiko kunaleta maumivu. Alinitaka kila nikishikwa na hamu ya kipimo niandike kwanza: nauliza nini? Jibu likiwa zuri, nitaliamini kwa muda gani? Likiwa baya kidogo, nani atanieleza? Mara nyingi nilikwama hilo la pili. Hofu hii ni ugonjwa unaotibika, na kwa wengine dawa husaidia pia.

Tulizo
Mimi majibu yangu anafungua mume wangu. Akitabasamu nasoma, asipotabasamu napiga simu kwa daktari kabla ya kusoma. Jaribuni!

Mkesha
Asanteni, hasa Mama Wawili na Kisima. Kilichonisaidia mimi ni kurudi kwa daktari mmoja na kubaki naye. Alikuta akiba yangu ya madini ya chuma iko chini, akanipa dawa, na ile ganzi tukaikamata siku moja mbele yake nikiwa napumua mbio.

Jicho Kavu
Nami nina miadi wiki ijayo. Nibebe majibu yote?

Hadubini
Beba yote, lakini juu yake weka ukurasa mmoja: dalili ilianza lini, inakuja ukifanya nini, inakuamsha usingizini au la, uzito umebadilika au la, na kila kidonge unachomeza hata vya mitishamba. Ataanza na huo. Na ukipata maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani pamoja na jasho, ukizimia, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usisubiri miadi wala maabara. Nenda dharura.

Jicho Kavu
Sawa. Naanza kuandika sasa hivi. Kisima, wewe dawa za tezi ulimeza muda gani?

Kisima
Mwaka na nusu. Sasa napimwa TSH tu, kwa tarehe aliyopanga daktari.