Klomifeni au letrozoli: ipi inafikisha kwenye mtoto?

Tumaini_K: Wapendwa, nina PCOS (tatizo la homoni linalozuia mayai kupevuka vizuri), hedhi inakuja inapotaka. Daktari ameniachia nichague klomifeni (Clomid) au letrozoli. Kupevusha yai najua zote zinapevusha. Nauliza, waliozitumia wamejifungua?

NesiZawadi: Umeuliza penyewe, dada. Utafiti wa Marekani uliotoka 2014 ulifuatilia wanawake 750 wenye PCOS kwa hadi mizunguko 5. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Mimba zilizoharibika hazikupishana sana, takriban 3 kati ya kila 10 kwa dawa zote mbili.

BintiBahari: Lakini letrozoli si dawa ya saratani ya matiti? Mimi nilisoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi nikairudisha kabatini.

NesiZawadi: Ilianzia huko. Inashusha estrojeni (homoni ya kike), ubongo ukihisi imepungua unamwaga homoni ya kukuza yai. Unaimeza siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, na mimba ikija kujishikiza dawa nyingi imeshatoka mwilini. Mwaka 2005 ilizuka hofu ya watoto kuzaliwa na kasoro, tafiti za baadaye hazikuithibitisha. Siku hizi miongozo ya kimataifa ya PCOS inaitanguliza hiyo.

MamaPacha: Msiitupe klomifeni jamani, mimi imenipa wawili! Ila joto la ghafla usiku, acheni tu. Na ukiona ukungu au vimulimuli machoni, usiendelee kumeza, mwone daktari.

NesiZawadi: Hongera mama. Ila pacha si bonasi: huzaliwa njiti mara nyingi zaidi. Kwenye utafiti ule mimba za pacha zilikuwa asilimia 7.4 kwa klomifeni na 3.4 kwa letrozoli, japo zilikuwa chache mno kutoa hukumu.

BintiBahari: Na metformini, ile dawa ya kisukari, peke yake?

Juma_mfamasia: Dhaifu. Utafiti wa 2007: waliojifungua ni asilimia 7.2, klomifeni 22.5. Sindano za homoni zina nguvu, lakini bila altrasaundi za mara kwa mara unaweza kubeba watatu.

Tumaini_K: Basi naelekea letrozoli.

Juma_mfamasia: Sawa, ila shemeji ameshapima mbegu? Zikiwa na shida, utapevusha mayai miezi na miezi bure.

Tumaini_K: Bado. Anasema yeye hana tatizo.

MamaPacha: Wote husema hivyo. Apime kabla hujameza kidonge cha kwanza.