Tupeane uzoefu: barabara ikikuangusha na pikipiki, unafanya nini?

Mleta uzi: Wakuu, hapa tuongelee ajali isiyo na gari la kulaumu: shimo, mchanga kwenye kona, dizeli iliyomwagika, tuta lisilopakwa rangi, jiwe la lori. Ajali hizi huishia kuitwa mwendokasi tu, na aliyeanguka anabaki na gharama zake. Stori za "mimi niliwahi" tuziweke kando, leteni utaalamu. Mafundi, watu wa afya, wazoefu wa safari ndefu, karibuni.

Mshuka Kitonga: Naanza na mawe. Lori likikwama, utingo hukata matawi akayatupa nyuma kama tahadhari, na mawe akayasukumia chini ya matairi lisirudi nyuma. Likitengenezeka linaondoka, mawe yanabaki njiani. Kwa hiyo usiku ukiona tawi kwenye lami, usilipite ukashukuru Mungu. Mawe yako mbele yake. Toa mkono kwenye mafuta palepale. Kwa kilomita 60 kwa saa unakata karibu mita 17 kila sekunde, maana yake sekunde moja ya kushtuka imeshakula mita 17 kabla hujagusa breki.

Shimo: breki zinakamatwa kabla ya shimo, siyo ndani yake. Ukiwa umebana breki ya mbele, shokapu zimeshashuka, hazina tena pa kushukia. Pigo lote linaingia kwenye rimu na shingo ya usukani. Ukiona huwezi kulikwepa, achia breki ukingoni, nyanyuka kidogo kwenye siti, magoti yalegee, usukani ushike bila kuukaba.

Mchanga ni kinyume chake: breki ya mbele usiiguse kabisa. Nyoosha pikipiki kwanza, ndipo upunguze kwa breki ya mguu, kidogo kidogo. Kwenye ile mifereji inayochimbwa na malori kwenye lami, punguza mwendo kabla ya kutoka, halafu utoke kwa kuukata ukingo. Ukitoka kwa kuambaa nao, tairi la mbele linarudi ndani na wewe unaendelea nje.

Dada wa Chalinze: Na dizeli mkuu? Hiyo haionekani.

Mshuka Kitonga: Pua inaiona kabla ya macho. Tangi likijazwa hadi mdomoni linamwaga kwenye kona na mizunguko, angalia hapo zaidi. Lami ikiwa na maji utaona rangi za upinde wa mvua. Ukishapita juu yake, tairi bado lina dizeli: simama, lisugue kwa maji na sabuni kabla ya kulaza kona nyingine. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ihesabu kama dizeli, inaibua oili yote iliyokaa kwenye lami.

Nesi wa zamu: Mtu akishaanguka, kwanza simamisheni magari, mtu wa pili asije kugongwa. Asikimbizwe kunyanyuliwa. Helmeti isivuliwe kama anapumua vizuri. Kama hapumui au anatapika ndani yake, ivuliwe na watu wawili: mmoja ameshika shingo na kidevu visitikisike, mwingine anaivuta taratibu. Damu inayotoka kwa kasi ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Mguu uliopinda msiuvute kuunyoosha, ufungeni na ubao kama ulivyo.

Aliyeungua na ekzosi: maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno hapana, asali hapana, mafuta hapana. Michubuko ioshwe kwa maji safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, ukibaki unaacha alama nyeusi ngozini. Kisha aulizie sindano ya pepopunda.

Mnalodharau ni tumbo. Ncha ya usukani ikimchoma mtu tumboni, nje unaona alama ndogo tu na yeye anasema yuko poa. Saa chache baadaye tumbo linakuwa gumu, anaona kizunguzungu, anatoka jasho baridi, wakati mwingine bega la kushoto linauma bila kuguswa. Hiyo ni damu inavuja ndani. Hospitali, tena mbio. Hivyohivyo kwa aliyepigwa kichwa akaanza kutapika, kuchanganya maneno au kusinzia ovyo.

Fundi Spana: Pikipiki sasa. Ikiwa bado imelala, zima swichi na ufunge koki ya mafuta. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kuinyanyua, la sivyo itaangukia upande wa pili. Ipe mgongo, matako kwenye siti, sukuma kwa miguu. Usipige kiki hapohapo. Iache dakika tano, cheki oili kwenye kijiti, angalia kama petroli inavuja. Kama kabureta imefurika petroli, choki izime kabisa, mkono wa mafuta kwenye usukani uzungushe hadi mwisho, ndipo upige kiki.

Usukani umekaa upande huku tairi limenyooka? Usikimbilie kununua shokapu. Mara nyingi zimejizungusha tu kwenye vibano vinavyozishika chini ya usukani. Legeza nati ya ekseli na bolti za vibano, bana tairi kwa magoti, vuta usukani urudi, bonyeza shokapu mara kadhaa zijipange, kaza. Zikigoma, zichomoe uzibiringishe juu ya kioo. Inayorukaruka imepinda.

Kisha nyanyua tairi la mbele hewani, zungusha usukani polepole kwa kidole. Ukikwama kidogo pale katikati kama umeingia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Hilo ndilo linalofanya pikipiki iyumbe wiki mbili baadaye na mtu akalaumu upepo. Spoku zigonge kwa spana: iliyolegea inatoa mlio butu. Rimu ya aloi yenye ufa usiichomelee. Tairi likague pande zote mbili, kivimbe ni nyuzi zilizokatika ndani.

Karani wa bima: Kama hali inaruhusu, piga picha kabla kitu hakijaondolewa: shimo na helmeti kando yake ionyeshe ukubwa, alama za tairi, nguzo au kibao cha kilomita. Chukua namba za mashahidi wawili. Polisi upate RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao) na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), lakini mgonjwa mahututi atangulie hospitali, karatasi zifuate. Bima ndogo haitengenezi pikipiki yako, kubwa ndiyo hutengeneza, na kuna muda wa kuripoti ulioandikwa kwenye mkataba. Shimo la barabara kuu au ya mkoa ni la TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, la mtaani na wilayani ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukitaka kuishtaki serikali, kuna notisi ya siku 90 kwanza, kwa hiyo tafuta wakili mapema.

Dada wa Chalinze: Helmeti iliyogonga lami ila haina ufa, inaendelea?

Fundi Spana: Hapana. Povu gumu la ndani likishabonyea halirudi, hata nje kukiwa kunang'aa. Ikate mkanda kabla ya kuitupa, kesho usiikute kichwani kwa abiria.