SMG na SAR za mafunzo zinakwama ovyo renji: ni magazini, vumbi au uzee?

Mtunza_Ghala

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri kwa wanaoijua kazi hii.

Kuna SMG 14 (jamii ya AK-47) na SAR 6 (jamii ya SKS) za kufundishia tu, na renji ipo porini upande wa Bahi, Dodoma. Ni bunduki za zamani, zimepita mikononi mwa makuruta wasiohesabika. Magazini za SMG ni 40 hivi, zote zimerundikwa kwenye sanduku moja, hazina namba. Upepo wa mwezi wa 7 na wa 8 ukianza ndiyo balaa zaidi.

Dalili ni tatu. Kwanza, SMG hubana ganda dirishani (tundu la kutolea maganda), hasa kuanzia magazini ya pili au ya tatu. Pili, bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu) inarudi mbele bila kubeba risasi, mpigaji anafyatua, anasikia "ta!" tupu. Tatu, SAR mbili zinagoma kuwasha. Ukitoa risasi unakuta fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) ina alama ndogo tu.

Usafi unafanywa kwa mafuta ya taa, kisha oili ya injini, tena nyingi. Fundi silaha wa taasisi yupo ila huja kwa nadra. Nataka akija nimkabidhi orodha inayoeleweka, siyo "mzee, zinasumbua".

Spana_17

Mkuu, usianze na bunduki. Anza na hilo sanduku la magazini.

Dalili yako ya pili ni ya magazini mpaka ithibitike vinginevyo. Zipe namba 1 hadi 40 kwa rangi nyeupe ya mafuta, upande wa chini, isiingie ndani. Kisha fungua daftari lenye safu tano: namba ya bunduki, namba ya magazini, risasi ya ngapi ilipokwama, imekwamaje, na boksi la risasi lilitoka kundi gani. Tatizo likihama na magazini kwenda bunduki nyingine, mwizi ni magazini. Likibaki kwenye bunduki hata ukibadilisha magazini tatu, hapo sasa fungua bunduki.

Ukikagua magazini angalia midomo ya juu inayoshika risasi. Ilinganishe na magazini nzuri, siyo na picha kichwani. Mdomo uliopanuka huachia risasi mapema, uliobonyea huikaba. Bonyeza kisukuma risasi kwa kidole mpaka chini ukiachie: kirudi chenyewe bila kuinama upande mmoja wala kusita katikati. Kikisita, tafuta bonde kwenye bati la ubavuni. Bonde dogo tu, ambalo jicho halilioni lakini kidole gumba kinalihisi, linatosha.

Halafu kuna jino la nyuma linaloshikwa na komeo la bunduki. Likilika, magazini hukaa chini kidogo na bolti hupita juu ya kitako cha risasi. Kuchezacheza kidogo ni kawaida ya SMG, usishtuke. Kipimo ni hiki: weka risasi za bandia tano, zile za mafunzo zisizo na baruti wala fataki, vuta magazini chini kwa mkono huku unakoki taratibu. Ikiruka risasi, ama jino limekwisha ama komeo. Jaribu magazini nyingine ujue ni lipi.

Kongwa_Kavu

Mi naona mnazunguka. Ganda kubanwa dirishani ni ukucha (ndoano ya bolti inayong'oa ganda) umechoka. Piga tupa kidogo uchongoke, itang'oa vizuri. Na acha bunduki kavu kabisa, vumbi halitashika.

Mama_Shabaha

@Kongwa_Kavu mdogo wangu, tupa iweke mbali na bolti. Ukucha ukishapunguzwa haurudi, na ukichongoka sana unang'ata ukingo wa ganda na kuuchana. Ukucha ni kipuri cha kubadilisha pamoja na springi yake.

Mleta uzi, tenganisha mambo mawili ambayo wengi wanayaita "kukwama". Ganda likibaki ndani ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), tafuta chemba chafu au yenye kutu, kisha ukucha. Likitoka chemba lakini likabanwa dirishani, ukucha umefanya kazi yake. Kitupio cha SMG, kile kinacholirusha ganda nje, kimesimama palepale ndani ya mwili wa bunduki, hakina springi ya kuchoka. Kwa hiyo mara nyingi ni bolti kurudi nyuma kivivu, haifiki mwisho wa safari yake.

Na yako inaanza magazini ya pili au ya tatu. Hapo nasikia harufu ya oili ya injini na vumbi. Vikichanganyika vinakuwa tope la kusagia chuma, na bolti inasafiri ndani yake kama mkokoteni kwenye mchanga wa korongo.

Ukucha unapimwa hivi: toa bolti, ingiza ganda tupu chini ya ukucha, tikisa polepole. Likidondoka, mwandikie fundi. Springi ya kurudisha ilinganishe urefu na ya bunduki isiyosumbua. Pistoni ikicheza kidogo kwenye shina lake usiikaze, ndivyo ilivyoundwa. Wala msiisugue kwa msasa. SMG haina kirekebisha gesi cha kufidia chuma mtakachokipunguza.

Kavu kabisa nako ni kosa, chuma kitakula chuma. Tone moja kila reli, moja kwenye masikio ya bolti, moja kwenye mfuo inamozungukia, kisha futa kwa kitambaa mpaka ubaki mng'ao tu. Chemba, mrija wa gesi na ndani ya magazini: pakavu. Kwenye upepo huo, futa reli kila baada ya zamu mbili tatu za wapigaji. Magazini zisilazwe mchangani zikiwa zimetazama juu, weka turubai.

Mtunza_Ghala

Dah, magazini kweli zinalala mchangani. Na mafuta ya taa je?

Spana_17

Mafuta ya taa yanatoa grisi na masizi. Hayatoi chumvi. Risasi nyingi za zamani za 7.62×39 zina fataki inayoacha chumvi kwenye mtutu, na chumvi hiyo inanyonya unyevu hewani. Kiangazi cha Dodoma kinakudanganya kwa sababu hewa ni kavu. Mvua za mwezi wa 12 zikianza, chemba inapata vidonda, na hapo ndipo ganda linaanza kung'ang'ania.

Chumvi inayeyushwa na maji. Siku hiyohiyo ya kupiga, pitisha maji ya moto sana kwenye mtutu kuanzia chemba, osha mrija wa gesi, pistoni na uso wa bolti, kausha kabisa, ndipo upake oili nyembamba. Tumieni oili ya silaha.

Mama_Shabaha

SAR sasa, na hapa naomba usome mara mbili.

Pini (msumari unaogonga fataki) ya SAR nyingi haina springi, inaelea. Toa bolti, itikise karibu na sikio: lazima usikie inagonga mbele na nyuma. Isiposikika, njia yake imeziba kwa grisi kongwe au masizi. Pini nzito inagonga kwa ulegevu, risasi haiwaki. Ikigandia mbele ni hatari zaidi, kwani risasi inaweza kuwaka bolti inapojifunga tu, kidole hakijagusa kifyatulio. SAR hiyo haiingii renji mpaka fundi atoe pini, asafishe njia, akaushe. Humo ndani hakuna oili.

Ila angalia alama yenyewe. Kwa kuwa pini inaelea, risasi yoyote iliyokokiwa na kutolewa hubaki na kinukta kwenye fataki bila nyundo kupiga. Kama makuruta wanakoki na kutoa risasi zilezile kila siku, kinukta hicho ndicho unachokiona. Alama ya kupigwa kweli ni shimo. Risasi zilizokokiwa mara kadhaa zitenge, usizirudishe boksini.

Ikigoma: mtutu ubaki kwenye shabaha sekunde 30, ndipo ufungue. Ikilia kinyonge kuliko kawaida, simamisha kila kitu, ondoa risasi zote kwenye magazini, hakikisha chemba ni tupu, chungulia mtutu kutokea upande wa chemba. Risasi inaweza kuwa imekwama katikati, na inayofuata itapasua bunduki.

Kongwa_Kavu

Nimekubali kuhusu tupa 😅. Zipi za kutoa moja kwa moja?

Spana_17

Bolti yenye ufa, mtutu uliovimba, sefti isiyozuia kifyatulio, inayotoa risasi mbili kwa mbonyezo mmoja ikiwa kwenye moja moja, na inayotoa maganda yaliyopasuka kiunoni. Hiyo ya mwisho fundi aipime chemba kwa geji; hakuna jicho linaloiona. Zifungwe kitambaa chekundu, zikae rafu yake, zisirudi hata "kwa leo tu".

Mtunza_Ghala

Rangi nimenunua. Nimepitisha magazini 22 za kwanza: 5 zina mabonde, 2 midomo imepanuka. SAR moja kati ya zile mbili, ukitikisa bolti, kimya kabisa. Nimeifunga kitambaa. Nyingine inagonga vizuri, na risasi "zilizogoma" zina vinukta tu.

Mama_Shabaha

Hiyo ya pili usiiandike nzima bado. Ipe risasi kumi ambazo hazijawahi kukokiwa, ndipo uandike.