"Want" ya Zaburi 23 mbona si kutaka?

Nsumba_Kirumba:
Wakuu, naomba msaada. "I shall not want" ya Zaburi 23 kwa Kiswahili ni "sitapungukiwa na kitu". Kutaka kumeenda wapi? Na hii: "For want of wind the boats stayed at Ukerewe". Nikiandika "kwa kutaka upepo" inagoma.

KamusiMkononi:
Kukosa ndiyo maana ya zamani, mkuu. Neno lilitoka Kinorse cha kale, *vanta*, yaani kupungukiwa. Biblia ya King James ni ya 1611. "Want" ya kutamani ilikuja kushika karne ya 18. Yako iwe: "Mitumbwi ilibaki Ukerewe kwa kukosa upepo."

Kinachofuata neno hukusaidia. Ikifuatwa na "to" pamoja na kitenzi, karibu kila mara ni kutaka. "For want of", "want for" na "in want" ni upungufu, hata kwenye gazeti la leo. Penye mtego ni nomino tupu: "he wanted courage". Riwaya ya zamani inasema hakuwa na ujasiri. Msomaji wa leo anadhani aliutamani. Jaribu kuweka "lack" mahali pake, kisha tazama mhusika anafanya nini kwenye aya inayofuata. Akikimbia, umeshapata jibu.

Mzani_wa_Mwaloni:
Usisahau "wanting". Danieli 5:27, "found wanting", kwetu ni "umeonekana kuwa umepunguka". Picha ni ya mizani: upande wako umepanda juu kwa wepesi. Muuza dagaa pale soko la Mwaloni haelezwi mara mbili! Ukitafsiri "umeonekana ukitaka", mizani yote imepotea.

Nsumba_Kirumba:
Shukrani. Na "the boat wants caulking"?

KamusiMkononi:
Hapo "mtumbwi unataka kalafati" (yaani kuzibwa nyufa maji yasiingie) ni Kiswahili safi, kwa sababu kutaka kwetu nako hubeba uhitaji. Si tunasema "kazi hii yataka moyo"? Ila usizoee njia hiyo. "The boat wants a sail" katika maandishi ya zamani inaweza kuwa taarifa tu kwamba mtumbwi hauna tanga. Ukiandika "unataka tanga", msomaji atangoja fundi aje kulifunga, na mwandishi hakumtaja fundi yeyote.