Chanjo ya bakteria wa tonsesi: tuisubiri, au tuchome penisilini sasa?

Baharia_wa_Maabara (mleta mada):
Wadau, habari za jioni. Naleta hoja, mnipinge kistaarabu. Kwa nini kila kikao cha magonjwa ya moyo ya watoto kinaishia na "chanjo inakuja"? Nazungumzia streptokoka kundi A, huyo bakteria wa tonsesi. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi, wiki mbili tatu baadaye viungo vinavimba: homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, valvu za moyo zinaharibika.

Uganda wameshatuonyesha njia. Utafiti wa kaskazini, maeneo ya Gulu, ulitoka 2022: watoto 818 ambao athari za ugonjwa huo kwenye moyo zilionekana kwa ekko tu, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Nusu walichomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Ugonjwa ulisonga mbele kwa 0.8% yao, kwa wasiochomwa, 8.2%. Dawa ya zamani, na huyu bakteria mpaka leo hajawa sugu kwake. Fedha ziende huko, chanjo tuwaachie wenye maabara zao.

Kidato_cha_Protini:
Mkuu, hapo kwenye "tuwaachie" ndipo unapotuuza.

Ganda la huyu mdudu ni asidi ya hayaluroniki, ileile iliyomo kwenye viungo vyetu, hivyo mwili hauioni kama adui. Njia iliyotupa MenAfriVac, chanjo ya uti wa mgongo, mwaka 2010, ya kutumia sukari za ganda, hapa haifai. Zinabaki protini za juu, na maarufu kuliko zote ni protini M, iliyotambuliwa na Rebecca Lancefield miaka ya 1920. Ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba: mzizi umejikita ukutani mwa bakteria, ncha iko nje. Kingamwili zenye nguvu hushika ncha. Balaa ni kwamba ncha ndiyo inayobadilika, na aina zinazojulikana zimepita 200.

Kuna chanjo iliyounganisha vipande vya ncha 30, vilivyochaguliwa hasa kwa kuangalia aina zinazosumbua Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Za Afrika ni nyingi zaidi na zimetawanyika. Tukiwaachia, tutaletewa chanjo ya koo la mtoto wa Toronto.

Mama_Temeke:
Samahani jamani, mimi si daktari. Nimesikia chanjo hii iliwahi kuumiza watoto. Kweli, au maneno ya WhatsApp?

Kidato_cha_Protini:
Dada, ni kweli na haifichwi. Ripoti ya Marekani ya 1969: watoto 21, ndugu wa wagonjwa wa homa ya baridi yabisi, walipewa protini M. Baadaye wawili walipata homa hiyo, wa tatu alihisiwa. Mwaka 1979 chanjo za namna hii zikapigwa marufuku kule, na zuio likadumu hadi katikati ya miaka ya 2000. Watoto ni wachache na ubishi upo kama ni chanjo iliyosababisha, ila hofu ina msingi: mayosini, protini ya msuli wa moyo, nayo imesokotwa vilevile, kingamwili inaweza kukosea nyumba. Ndiyo maana siku hizi vinatumika vipande, si protini nzima. Majaribio ya awali Kanada hayakuonyesha madhara hayo. Lakini yalikuwa ya watu wazima.

Nesi_wa_Zamu:
Mnaongea kana kwamba sindano inajichoma yenyewe. Benzathini, hiyo penisilini ya kila wiki nne, ni nzito, inaziba sindano katikati ya paja la mtoto. Mwezi unaofuata akiona tu sare yangu anaanza kulia, na mama anaanza kukosa kliniki. Katikati ya muongo uliopita dawa yenyewe iliadimika dunia nzima. Na hao watoto wa Gulu waligunduliwa kwa ekko. Zahanati yangu hata mashine ya kupima presha tunagombania. Halafu, Baharia, hao ni watoto ambao moyo umeshaguswa. Kabla ya hapo?

Baharia_wa_Maabara:
Dada Nesi, ya ekko nakubali, ya fedha bado. Chanjo haina tarehe. Mtoto wa leo ana tarehe.

Kidato_cha_Protini:
Sijasema tusichome. Nasema tukusanye sampuli za koo na za vidonda vya ngozi, tujue ncha zipi zinazunguka kwetu, tukae mezani na watengeneza chanjo, orodha mkononi.

Baharia_wa_Maabara:
Sampuli hizo zitalipiwa na fungu lipi, la dawa?

Nesi_wa_Zamu:
Likiguswa la dawa, mtanikuta mlangoni.