Tupeane uzoefu: kiuno kilipokukaza, uliponea mikononi mwa mchuaji au kwenye mazoezi?

Mbukwenyi wakuu. Nianze na yangu.

Mwaka juzi, wiki maji yalipokatika huku Nkuhungu, Dodoma, niliinama kunyanyua dumu la lita 20. Kiunoni pakalia "ka!", nikabaki nimeinama vilevile kama naokota sindano. Mtoto wa jirani akadhani natania.

Siku tatu nililala chali kwenye mkeka, maana kila aliyekuja kunipa pole alinikataza godoro na kunikataza kuamka. Siku ya nne nilikuwa nimekaza kuliko ya kwanza, soksi navalishwa na mke wangu.

Mama mkwe akaniletea bibi mmoja wa kuchua kutoka Chamwino. Nisimnyime haki yake, yule bibi ana mikono. Mafuta ya alizeti yamepashwa moto, anaanzia mbali kwenye makalio na mapaja, ndipo anapanda kiunoni kwa dole gumba, polepole, kando ya uti. Uti wenyewe hakuukandamiza hata mara moja. Siku hiyo nilisimama wima. Keshokutwa maumivu yakarudi. Nikamwita tena, yakarudi tena. Mara tano, elfu kumi kila mara.

Wiki ya tatu nikaenda kwa mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilitegemea mashine, yeye akanilaza kifudifudi na kuniambia niegemee viwiko. Baadaye ninyooshe mikono, kifua kiinuke, nyonga zibaki kitandani. Nishuke, nipande, mara kumi. Wakati huo maumivu yalikuwa yanashuka hadi kwenye kigimbi. Baada ya siku chache yakaishia pajani, kisha yakabaki kiunoni tu, tena yanauma zaidi pale. Nikaogopa, yeye akafurahi: kwao maumivu kuuhama mguu ni habari njema. Akanisimulia kwamba njia hiyo ni ya Robin McKenzie, mtu wa fiziotherapia wa New Zealand. Miaka ya 1950 mgonjwa wake alijilaza kifudifudi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande mmoja, akaachwa hivyo kwa dakika kadhaa, akaamka ana nafuu.

Sasa ofisini Mtumba kila baada ya saa moja nasimama, viganja kiunoni, najipinda kwa nyuma mara kumi. Wenzangu wameshachoka kucheka.

Haya, semeni.

*Mpakiaji, Kibaigwa:*
Mkuu, dumu la lita 20 ndilo limekuangusha? Njoo huku sokoni ubebe lumbesa, ha ha. Mimi nilivaa mkanda wa mgongo miezi saba. Nikiuvua nahisi kiuno kama ugali haujaiva. Zoezi lililonisaidia kuuacha ni hili: lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua makalio, hesabu mpaka tano, shusha. Kumi asubuhi, kumi jioni. Gunia nalo liwe limekugusa kifua kabla hujanyanyuka, na ukigeuka, geuza miguu. Tulioumia wengi tuliumia tunasokota kiuno huku mzigo uko mabegani.

*Mama Zabibu, Hombolo:*
Wanangu, hilo zoezi la kifudifudi mimi liliniua. Nina miaka 66, nimepogoa mizabibu tangu ujana. Nikitembea kidogo tu miguu inakufa ganzi, nikikaa au nikiinamia fimbo inaachia. Daktari kasema njia ya mishipa kwenye uti imebana kwa uzee. Kwa hiyo nimepewa kinyume chako: navuta magoti kifuani, moja moja, halafu yote mawili. Msigawiane mazoezi kama chumvi.

*Mwanzisha uzi:*
Shikamoo mama. Hilo sikulijua kabisa.

*Fundi Cherehani, Majengo:*
Mimi nilikanyagwa mgongo na mwanangu wa miaka minane, ushauri wa jirani. Sitasema zaidi.

*Nipo Kwenye Fani:*
Mama Zabibu kasema kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kwa maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi 3. Mazoezi yamo, kuchuliwa kumo, hata kunyooshwa pingili na mtaalamu kumo. Mikanda na kuvutwa mgongo kwa uzito wameshauri visiwe matibabu ya kawaida. Na picha za mgongo zisiwatishe: wengi wana diski (zile za katikati ya pingili) zilizovimba na hawaumwi chochote.

Ila kuna wagonjwa ambao mchuaji asiwaguse: mkojo au choo kinachotoka bila kujua, ganzi sehemu za siri, mguu unaolegea, kuanguka kutoka juu, historia ya saratani. Na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili za mgongo, na huku kwetu kipo. Niliwahi kumpokea kijana aliyechuliwa miezi minne. Ilikuwa TB.

*Bodaboda, Area C:*
Je sisi tunaoshinda juu ya pikipiki?

*Nipo Kwenye Fani:*
Kila ukishusha abiria, shuka na wewe. Tembea hata hatua ishirini ndipo upokee simu nyingine. Na hiyo shokamzoba ya nyuma iliyokufa, ibadilishe.

*Bodaboda, Area C:*
Umejuaje imekufa?