Skripti ya kusoma dirisha lililo mbele yanisomea lenyewe!!

kijana_kisauni
Salaam alekum wataalamu. Niko ofisi ya kliaring, ya kutoa mizigo bandarini, hapa Moi Avenue, kutwa kazi yangu ni kusoma namba ya kontena kwa programu ya ofisi halafu niipige upya kwa Excel, herufi nne tarakimu saba, na nikikosea moja tu kelele za bosi zasikika mpaka Mwembe Tayari. Nkaona niandike Python isome dirisha nililofungua. Nimetumia win32gui, GetForegroundWindow (yatafuta dirisha lililo mbele) halafu GetWindowText (yasoma taito yake), lakini kila nikiibonyeza yanipa C:\Windows\py.exe, programu ya ofisi haioni kabisa. Nakosea wapi jamani

fundi_tudor
Hukosei kaka, mashine yakwambia kweli. Ukibonyeza skripti mara mbili lile dirisha jeusi ndilo linaruka mbele, sasa wewe wauliza nani yuko mbele lajibu ni mimi hapa. Weka time.sleep(3) mwanzo, ingoje sekunde tatu, upate kurudi kwa programu yako. Ama achana na Python ushike AutoHotkey v2, programu ya bure ya kupa vitufe kazi, mstari mmoja tu:

F8::MsgBox(WinGetTitle("A"))

Hiyo "A" ndo dirisha lililo mbele. Wabonyeza F8 ukiwa popote

kijana_kisauni
Ile ya sleep imekubali! Ila taito yaonyesha jina la programu tu, namba yenyewe iko ndani kwa kisanduku

bint_oldtown
GetWindowText haifiki huko mdogo wangu, kisanduku cha programu ya mtu mwengine haikisomi hata ukiielekeza. Fungua Window Spy, inakuja na AutoHotkey, peleka mausi juu ya kisanduku uone chaitwaje, mfano Edit4, halafu ControlGetText("Edit4", "A"). Ikiwa programu yafunguka ndani ya brauza hutaona Edit yoyote, hapo rudi Python na pywinauto, maktaba yake ya kusoma madirisha, uweke backend="uia".

kijana_kisauni
Ni Edit3 hehe. Nyumbani nliijaribu kwa notipadi ikaleta, lakini ofisini haileti kitu, F8 yenyewe haishtuki nikiwa kwa ile programu 😩

fundi_tudor
Hiyo programu ya ofisi yafunguliwa kama admin, yaani kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta? Windows tangu Vista haikubali skripti ya kawaida kuingilia dirisha la admin, vitufe pia. Funga skripti, ifungue nayo Run as administrator. Kama huna paswadi muone mtu wa IT, usianze ujanja

bint_oldtown
Na ukishaipata, ile tarakimu ya saba ya namba ya kontena ni ya kuhakiki, yahesabiwa kutokana na zile herufi nne na tarakimu sita zilizotangulia. CSQU3054383, hiyo 3 ya mwisho haikuja tu. Ifanye skripti iipige hesabu kabla haijaandika kwa Excel

kijana_kisauni
Ilikua admin kweli. Nimesoma kontena 14 bila kugusa kibodi zaidi ya F8, bosi amepita nyuma yangu akauliza mbona kimya leo